Mwalimu Asiye na Meno

Wasomaji wapenzi, katika ukurasa huu nimezoea kuwaandikia juu ya mambo ya watu wazima: namna ya kutunza hesabu za nyumbani, hatari ya mikopo ya haraka, na ugomvi wa mipaka ya mashamba ambao hautaisha hata parapanda ilie. Leo nawaomba ruhusa niwaandikie habari za mtu mdogo sana. Siku nianzapo kuandika maneno haya ana umri wa miezi minane na siku chache. Hajui kusoma, wala kusema, wala kusimama bila kushikwa, na kinywani mwake hamna jino hata moja, jambo ambalo majirani zetu hapa Githongo hawaachi kulitaja kila wapitapo. Hata hivyo mtu huyu amenifundisha mambo ya dini ambayo sikuyapata katika miaka minne ya sekondari ya misheni, ingawa somo la dini nilifaulu vizuri na cheti chake ninacho sandukuni.

Alipozaliwa nilipewa likizo ya majuma mawili kwa mshahara kamili, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 impavyo baba aliyeajiriwa. (Mama hupewa miezi mitatu.) Wazee wa sokoni walipopata habari hiyo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja aliniuliza kama Serikali imegundua dawa ya kumfanya mwanamume anyonyeshe. Nikamjibu kwa utulivu wa mtu aliyesoma kwamba baba naye ana kazi yake nyumbani. Lakini moyoni, nawaungamia, nilikuwa nimepanga kupumzika, na kusoma vitabu viwili vilivyokuwa vikiningoja tangu Krismasi. Vitabu hivyo vingali vikiningoja.

Usiku wa tatu mtoto aliamka saa tisa akalia. Bibi yangu alikuwa amechoka sana, nikamwambia, "Lala, mimi nitamtuliza." Nikambeba, nikatembea naye kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, nikamwimbia tenzi zote nizijuazo, za Kiswahili na za Kimeru. Akazidi kulia. Nikamwuliza, kama nimwulizavyo mtu ajaye ofisini, shida yake hasa ni nini. Hakuwa na maelezo. Alikuwa na kilio tu, na uso uliokunjamana, na ngumi mbili. Mwishowe mama yake akaamka akamtwaa, na kabla hajapewa hata tone moja la maziwa mtoto akanyamaza, maana alikwisha sikia harufu ya mama yake.

Mimi nilibaki nimesimama gizani nikizifikiri sala zangu. Mimi ni karani, na nimefundishwa kwamba barua isiyo na anwani, tarehe, nambari ya faili na kichwa cha habari haifiki popote. Shuleni tulifundishwa kusali karibu kwa mpango huo huo: kwanza sifa, kisha maungamo, kisha shukrani, kisha maombi, na Amina mahali pa sahihi. Sisemi kwamba mpango huo ni mbaya, maana mtu asiye na mpango huishia kuomba mvua na mshahara tu. Lakini yule mtoto alikuwa amepeleka ombi lisilo na anwani wala kichwa. Hakujua hata ni kitu gani anachoomba. Na ombi lake lilifika. Lilifika kwa sababu mpokeaji alikuwa karibu, naye alimjua mwombaji. Mtume Paulo awaambia Warumi kwamba tukosapo maneno ya kuomba, Roho mwenyewe hutuombea bila maneno. Sura hiyo niliikariri darasani nikiwa kijana. Niliifahamu saa tisa na robo ya usiku ule, miguu yangu ikiwa mitupu juu ya sementi baridi. Na Nabii Isaya alipotaka kuonyesha jinsi Mungu asivyoweza kuwasahau watu wake, hakutafuta mfano kwa mfalme wala kwa hakimu. Aliutafuta kwa mama anyonyeshaye. Nadhani Isaya alikuwa na watoto nyumbani. Kwa kweli Biblia yasema alikuwa nao.

Msije mkadhani kwamba namfanya mtoto wetu kuwa malaika. Alipokuwa na miezi sita alikuja shemeji yangu na binti yake wa umri ule ule, na bibi yangu akampakata binti yule kwa muda. Laiti mngaliuona uso wa kijana wetu! Alimkazia macho mgeni kama mtu aliyekuta jirani analima ndani ya mpaka wake. Nilikumbuka habari za Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste, katika nchi iitwayo Algeria siku hizi, mwaka 354. Katika kitabu chake cha Maungamo alieleza kwamba alimwona mtoto mchanga asiyejua kusema bado, akimtazama kwa uchungu mtoto mwingine aliyenyonya pamoja naye, hali amebadilika rangi kwa wivu. Augustino aliliona jambo hilo kuwa alama ya dhambi tuliyozaliwa nayo. Mimi sithubutu kubishana na mtakatifu, tena yeye naye alikuwa na mwana. Lakini nafikiri alikuwa mkali kidogo. Mtoto akionea wivu maziwa, maziwa ndiyo maisha yake yote. Wivu unaonitisha mimi ni wetu sisi tulioshiba, tunaohesabu vitasa vya mlango wa jirani.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwalo nimeandika makala haya, nami nimelizungukazunguka kwa sababu ya aibu.

Sisi wa Githongo tunakaa juu, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, katika nchi ya chai. Mwezi wa Julai ukungu hushuka msituni asubuhi na pengine hauondoki mpaka saa saba mchana, na wachuma chai hutoka shambani na vidole vimekufa ganzi. Mimi na bibi yangu tukienda kazini mtoto hushinda kwa nyanya yake, yaani mama yangu mzazi, ambaye nyumba yake i hatua chache kutoka kwetu. Mama yangu ni mjane. Kijana wetu amepewa jina la marehemu baba yangu, na kwa ajili hiyo mama hamwiti kwa jina hata siku moja. Humwita "Mzee wangu". Humweka mapajani akampasha habari zote: ng'ombe amezaa, mti wa parachichi umevunjika tawi, fulani amekataa kulipa deni. Mtoto husikiliza sana. Nafikiri marehemu hakusikiliza hivyo.

Mazungumzo hayo hufanyika jikoni, karibu na moto, maana ndiko kwenye joto. Jiko la mama ni la mbao na mabati, nalo lina mafiga matatu na dirisha dogo kama la kuuzia tiketi. Humo alitupikia sisi sote tangu utoto wetu. Mama hakusoma sana, lakini anayo Biblia ya Kimeru, ile iliyotolewa nzima mara ya kwanza mwaka 1964, na huisoma humo humo jikoni akingoja maharagwe yaive. Kurasa zake zimeingia weusi wa moshi pembeni. Miaka miwili iliyopita nilimwahidi kwamba nitamjengea jiko jipya la matofali lenye dohani ya kutolea moshi. Zikaja fedha za chai za Oktoba, nami nikanunua makochi. Ikaja Oktoba nyingine, nikanunua televisheni kubwa kuliko ya kwanza. Mama hakunikumbusha. Alipokuja kwetu aliyasifu makochi, akaketi kwenye kigoda.

Siku moja ya Julai mtoto alianza kukohoa. Siku ya pili akakataa kunyonya. Usiku wa siku ile bibi yangu aliniamsha akasema, "Hebu sikia anavyopumua." Katika kijitabu cha kliniki, na katika mafundisho ya wauguzi, mama huelezwa kwamba mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, hali ametulia, hiyo ni dalili ya nimonia, na asikawizwe nyumbani. Tena ikiwa ngozi ya chini ya kifua yaingia ndani kila avutapo pumzi, ni hatari zaidi. Wasomaji wenye watoto, yakateni maneno haya myabandike ukutani.

Nikachukua saa. Katika maisha yangu nimehesabu faili, nimehesabu magunia, nimehesabu kura, nimehesabu fedha za watu wengine. Sikupata kuhesabu kitu chochote kama nilivyohesabu pumzi za mtoto yule kwa nuru ya simu. Zilikuwa 64. Nikahesabu tena nikitumaini kwamba nimekosea, maana karani hukosea. Zikawa 66. Bwana wetu alifundisha kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote, na siku zote nilikuwa nikiyaona maneno hayo kama maneno ya daftari, yaani kwamba Mungu ana kumbukumbu nzuri. Usiku ule nilijua kwamba mtu hahesabu hivyo kwa ajili ya kumbukumbu. Huhesabu kwa sababu anaogopa kupoteza hata moja.

Nilimwamsha jirani mwenye gari. Mama yangu alisikia mlio wa injini akatoka na tochi, amejifunga leso, akauliza, "Mzee wangu ana nini?" Nami, wasomaji wapenzi, nikamjibu mbele ya jirani na mbele ya bibi yangu, "Ni moshi wako, Mama. Moshi wa jiko lako ndio unaomwua mtoto."

Hakujibu neno. Alifungua leso yake akamfunika nayo mtoto juu ya blanketi, akarudi nyuma kupisha gari. Tulipofika barabarani niligeuka, nikaiona tochi yake ingali ikiwaka langoni katika ukungu.

Hospitalini tulikaa siku sita. Mtoto alitiwa mpira mwembamba puani wa kumpa oksijeni, akapigwa sindano za dawa ya kuua viini asubuhi na jioni. Alikuwa amekwisha pata chanjo zake zote, pamoja na ile ya nimonia ambayo ilianza kutolewa katika Kenya mwaka 2011 na ambayo hutolewa mtoto afikapo majuma 6, 10 na 14. Nilimwambia muuguzi jambo hilo kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Akanieleza kwa upole kwamba chanjo ni ngao iliyookoa wengi, lakini viini vya nimonia ni vya namna nyingi, na ngao moja haizuii mikuki yote. Kisha akauliza, "Nyumbani mnapikia nini?" Nikasema kwa haraka, "Gesi." Bibi yangu akasema polepole, "Sisi hupikia gesi. Lakini mtoto hushinda kwa nyanya, na nyanya hupikia kuni."

Muuguzi akaeleza kwamba moshi peke yake si kiini cha ugonjwa, bali huudhoofisha mlango ambao viini huingia kwao. Na ni kweli, kwani Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba moshi wa ndani ya nyumba hukaribia kuongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Basi nikamtazama bibi yangu kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini muuguzi alikuwa hajamaliza. Alikuwa msichana mdogo, nadhani hakuzidi miaka 25. Akauliza, "Na jiko la nyanya, ni nani katika nyumba yenu awezaye kulitengeneza?"

Habari ya boriti na kibanzi niliifundisha mwenyewe katika shule ya Jumapili miaka miwili mfululizo.

Usiku wa pili mtoto wa kitanda cha pili alifariki. Alikuwa msichana, mdogo kuliko wetu kwa mwezi mmoja. Waliletwa kutoka mbali, na waliletwa kwa kuchelewa. Nasema jambo hili kwa ufupi kwa sababu si langu. Lakini lazima niseme nilichofanya mimi. Nilisimama, nikaenda karibu na yule mama, na kinywani mwangu yalikuwa yamejipanga maneno mengi ya Maandiko, yote mazuri, yote ya kweli. Nilipomwona uso wake yote yakaondoka. Bibi yangu alimwachia muuguzi mtoto wetu, akaketi chini sakafuni kando ya yule mama, akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka kulipopambazuka. Hakusema neno hata moja. Marafiki wa Ayubu nao, kabla hawajaharibu kazi yao kwa hotuba, waliketi pamoja naye chini siku saba kimya. Na nafikiri kama wangalirudi kwao siku ya nane tungaliwasifu mpaka leo.

Nilikuwa na desturi ya kusema, nilipoona mtoto akichomwa sindano ya chanjo huku amezuiwa mikono na mama yake mwenyewe, kwamba hivyo ndivyo Mungu atufanyiavyo: hutushika katika maumivu kwa ajili ya faida tusiyoijua. Mfano huo ni mzuri, na bado naupenda. Lakini tangu usiku ule siutoi ovyo. Una mahali pake, na mahali pake si kando ya kila kitanda. Susanna Wesley wa Epworth, mama yake John Wesley ambaye sisi Wamethodisti twamjua kwa jina, alizaa watoto 19, na tisa kati yao walikufa wangali wachanga. Huyo alikuwa mwanamke mwenye imani kubwa na nyumba yenye utaratibu. Sijui mtu angalimwambia nini mara ya tisa ambacho hakuambiwa mara ya nane. Katika nchi yetu hesabu zimepungua sana, tumshukuru Mungu na wauguzi: uchunguzi wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 41. Napenda hesabu za namna hiyo, na kazi yangu ni hesabu. Lakini yule mama hakufiwa na sehemu ya elfu. Alifiwa na binti yake.

Siku zile zote mama yangu hakuja. Kila asubuhi kijana wa pikipiki alileta chupa ya uji wa ulezi na bakuli la njahi kwa ajili ya bibi yangu, vikiwa moto bado, wala hakutuma ujumbe wowote pamoja navyo. Nilidhani amekasirika, na katika upumbavu wangu nikaona kwamba nina haki nami ya kukasirika kidogo.

Tuliporudi nyumbani siku ya sita, mtoto akiwa mwembamba lakini anapumua kama watu, nilishangaa kuona ua wote umejaa nguo. Mama alikuwa amefua kila kitu alicho nacho: leso, sweta, mablanketi, koti la marehemu baba, hata mapazia. Vyote vilikuwa vimeanikwa juu ya michongoma katika jua kidogo lililokuwapo. Yeye alisimama mbali, mlangoni pa nyumba yake, mikono nyuma. Mtoto alipomwona alipiga kelele za furaha akamnyoshea mikono miwili. Mama hakusogea. Akasema, "Nimefua mara mbili, lakini bado nanuka moshi." Kisha akaniangalia mimi. Wasomaji wapenzi, mama aliyenizaa alikuwa akiniangalia kama watu wanavyoniangalia dirishani ofisini, wakingoja niseme kama karatasi zao zimekubaliwa.

Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi nikiwa njiani, nayo yalikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Sikuyatumia. Nilimwendea nikamwekea mtoto mikononi, nikasema, "Mama, nisamehe. Jiko ni kosa langu. Nilinunua makochi."

Alimkumbatia mtoto kwanza, akamnusa kichwani, akamkagua masikio na vidole kana kwamba tungaliweza kumrudishia wa mtu mwingine. Halafu akaushika mkono wangu wa kushoto, akanionyesha kovu dogo lililo juu ya kifundo, ambalo nimekuwa nalo siku zote bila kuuliza asili yake. Akasema, "Ulikuwa hujatimiza mwaka. Nilikuweka karibu na mafiga nikatoka kuchota maji, nawe ukatambaa. Baba yako alinifokea mbele ya majirani maneno kama yale yale yako."

Nikamwuliza, "Alikuomba radhi?"

Akacheka. "Baba yako? Kesho yake alileta mzigo wa maji kwa punda, na kesho kutwa akaleta tena. Alileta mwaka mzima. Nilikuwa nimekwisha msamehe siku ile ile, lakini sikumwambia upesi, maana maji yalikuwa mbali."

Tangu siku hiyo nimefikiri mara nyingi juu ya jambo hili. Kwa muda wa miaka thelathini na kitu nimeishi kwa msamaha ambao sikujua kwamba uliwahi kutolewa, wala sikujua kosa lilikuwa lipi. Alama yake ilikuwa mkononi mwangu nikivalia saa juu yake. Kanisani nimeimba habari za deni lililolipwa kabla sijazaliwa, na nilipoimba nilifikiri juu ya mambo ya mbali sana, ya Yerusalemu. Sikudhani kwamba mfano wake u hapo hapo ninapofungia ukanda wa saa.

Makochi mawili tumekwisha kuyauza. Fundi alimaliza jiko kwa siku nne: la matofali, lenye matundu mawili ya sufuria, mlango mdogo wa kutilia kuni, na dohani inayopita juu ya paa. Kuni zinazotumika ni chache kuliko zamani. Mama amelikubali, lakini ana malalamiko yake, na kwa kuwa nimeahidi kusema kweli nitayaandika. Asema kwamba zamani mahindi ya mbegu aliyatundika juu ya mafiga, na moshi uliwazuia dumuzi. Sasa atayaweka wapi? Swali hilo ni la haki na sikuwa nimelifikiri. Mwenye kujua namna njema ya kuhifadhi mbegu pasipo moshi na aniandikie, nami nitaipeleka jikoni. Asema pia kwamba chai haina ladha. Hilo la pili sina la kufanya.

Mtoto hushinda kwake tena, na mazungumzo yao yameendelea pale yalipokatizwa. Jana jioni nilipotoka kazini nilisikia mama akiniita kwa nguvu kutoka ng'ambo ya ua, nikakimbia nikidhani kuna msiba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, Biblia yake nyeusi pembeni, mtoto mapajani. Akasema, "Mzee wangu ameota jino." Nilitazama sikuona kitu. Nikasema sioni. Akasema, "Tia kidole, Tomaso." Nikatia kidole, nikaning'atwa.